Likizo ya baridi ku jangwa la Arizona: mlima unakulipisha mwanzo, bonde linakulipisha mwisho



Kila mwaka, mwezi wa 12 ukikaribia, ujumbe unaanza kuingia ndani ya telefoni yangu. Mmoja amepata burse ya kusoma Tucson, mwingine familia yake imefika Phoenix kutoka kambi ya wakimbizi, mwingine bado yuko Bukavu lakini viza iko njiani. Swali lao ni lile lile: «Kaka, chuo kinafunga kwa ajili ya Noeli, pesa ya kwenda mbali sina. Mutu anafanya nini ku jangwa?» Nimeona heri nijibu mara moja kwa wote, juu jibu la kweli ni refu kuliko ujumbe wa telefoni.

Jibu fupi ni hili: tembea. Arizona na New Mexico ni kati ya sehemu nzuri sana za kutembea kwa miguu wakati wa baridi, na sehemu nyingi ni bei ndogo. Lakini sisi tuliokulia karibu na mstari wa ikweta tunakuja na mazoea yetu, na mazoea mengine yanaweza kukuweka mashakani huku. Nitaeleza yale ambayo nimeyaona kwa miaka ninayotembea na vijana wetu wa hapa Phoenix.

1. Kwa nini wakati wa baridi?

Wengi wakisikia neno jangwa wanafikiri joto tu. Ni kweli, lakini ni joto la majira yake. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo, kuanzia mwisho wa mwezi wa 6 mpaka mwisho wa mwezi wa 7, joto likifika digrii 43 au kupita kila siku. Wakati kama huo muji wenyewe unafunga njia fulani za milimani katikati ya mchana, juu watu wanazimia na wengine wanakufa.

Mwezi wa 12 na wa 1 mambo yanageuka. Mchana Phoenix na Tucson ni digrii 18 mpaka 20, mbingu ni ya bluu, nyoka wengi wamelala ndani ya mashimo yao. Unatembea saa tatu na jasho haliloweshi shati. Ndiyo maana wazee wengi wa majimbo yenye theluji wanahamia huku miezi ya baridi. Sisi tunaoishi hapa tayari, tusijifungie ndani ya nyumba tukitazama filamu wiki tatu.

2. Jua la huku halitoi saa kumi na mbili

Ku Goma, ku Uvira, ku Kisangani, jua linatoka karibu saa moja ile ile mwaka mzima, na kila siku linatupa saa 12 hivi. Mutu hahitaji saa ya mkononi: akiona kivuli anajua amebakiza nini. Hiyo hesabu huku haifanyi kazi. Mwezi wa 12, Arizona inapata mwanga wa karibu saa 10 tu. Ku Grand Canyon jua linatoka karibu 7h30 na kuzama karibu 17h15. Tena ndani ya bonde, ukuta wa mawe unaficha jua mapema zaidi, na likijificha tu baridi inashuka kama mutu amefungua friji.

Kwa hiyo panga safari kwa kurudi nyuma. Usiulize «tutaondoka saa ngapi?» Uliza «saa ngapi lazima tuwe tumerudi ku gari?» Mimi naweka saa 16h00, kisha nahesabu nyuma. Na kila mmoja abebe taa ya kichwani, hata kama safari ni ya asubuhi. Mwanga wa telefoni sio taa: unakula betri, na betri yenyewe inapoteza nguvu haraka ku baridi.

3. Bonde ni mlima uliopinduliwa

Hapa ndipo penye fundisho kubwa, tafadhali musome polepole.

Wale waliopanda Nyiragongo kabla ya mlipuko wa mwezi wa 5, 2021 wanakumbuka ilivyokuwa. Unaanza Kibati, unapanda kilomita 8 mpaka mita 3.470, unahema, unapumzika, magoti yanalia. Lakini mlima ni mwaminifu: unakudai nguvu asubuhi wakati bado unazo. Ukichoka katikati, unageuka, na kurudi ni kuteremka.

Grand Canyon inafanya kinyume. Unafika na gari mpaka juu, ku ukingo wa kusini, mita 2.100 hivi. Mbele yako ardhi imepasuka: kina kinapita kilomita 1 na nusu, upana sehemu fulani unafika kilomita 29, na chini kabisa kuna mto Colorado uliochimba yote hayo. Njia inaanza kwa kushuka. Miguu ni mipya, hewa ni nzuri, kila kona inakuita uone kona inayofuata. Tena kila mita 300 unazoshuka, joto linaongezeka karibu digrii 3, kwa hiyo unajisikia vizuri zaidi kadiri unavyoenda mbali. Hakuna kitu kinachokuambia rudi. Deni linakusubiri mwisho, wakati umechoka, maji yamepungua na jua linaondoka. Na deni hilo halikopeshwi: hakuna motari wa kukubeba, hakuna chukudu.

Dawa yake ni hesabu tu. Ukishuka saa moja, weka saa mbili za kupanda. Ukiwa na lita tatu za maji, lita moja ndiyo ya kushukia, mbili ni za kurudia. Kiongozi wa ekipe aseme mbele ya wote, kabla ya kuanza: «Saa tano na nusu kamili tunageuka, hata kama kona nzuri iko mita mia moja mbele.» Na ikifika, mugeuke. Kufika mtoni na kurudi siku moja, wenyeji wa hifadhi wenyewe wanakataza. Usidanganywe na kijana aliyeweka picha.

Kwa mara ya kwanza, ninashauri njia ya South Kaibab mpaka Cedar Ridge: karibu kilomita 5 kwenda na kurudi, unashuka zaidi ya mita 300. Magari ya kibinafsi hayafiki mwanzo wa njia hiyo. Kuna basi ya bure ya hifadhi. Ukiona miguu haitaki, ishia ile sehemu inayoitwa Ooh Aah Point, kilomita 3 hivi kwenda na kurudi, na macho yako yatakuwa yameshiba. Juu ya njia hiyo hakuna maji hata tone. Njia ya Bright Angel ina mabomba mahali fulani, lakini mengi yanafungwa wakati wa baridi ili yasipasuke na barafu. Kwa hiyo toka na maji yako.

Na barafu yenyewe: kilomita ya kwanza ya njia hizi ni kivuli, theluji inakanyagwa na watu na nyumbu mpaka inakuwa kama kioo. Kuna vitu vya mpira vyenye meno ya chuma, unavivalisha chini ya kiatu. Nunua au kodisha. Bila hivyo unaweza kuteleza pembeni ya shimo la mita mia kadhaa.

4. Nguo, maji, chakula

Mchana juu ya ukingo, mwezi wa 1, ni kama digrii 6. Usiku inashuka mpaka 8 chini ya sifuri. Chini kabisa mtoni mchana ni 13. Mutu mmoja, siku moja, anapita majira mawili. Ndiyo sababu tunavaa tabaka: shati nyepesi ndani, tiriko katikati, koti la kuzuia upepo nje. Unavua kabla ya kutoka jasho, unavaa kabla ya kutetemeka. Jinzi na shati za pamba muache nyumbani. Pamba ikilowa haikauki, inanyonya joto la mwili, na mutu anaweza kuganda hata kama hakuna theluji. Ukiona mwenzako anatetemeka, maneno yake yanaanza kuchanganyikana, anajikwaa bila sababu, usimcheke eti ni muvivu: mwili wake unapoteza joto. Mvalishe nguo kavu, mpe kitu cha sukari, murudi.

Kuhusu maji, baridi inadanganya. Hewa ya jangwa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona, na kiu haiji. Kunywa kidogo kidogo kila wakati. Na usinywe maji matupu siku nzima bila kula: chumvi ya mwili ikipungua sana, kichwa kinauma, unatapika, unaweza kuanguka. Karanga zenye chumvi zinatosha, hazihitaji duka la mabwana wakubwa. Sisi tunabeba mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi na karanga, na mwaka jana mama mmoja alitufungia sambaza zilizokaangwa. Zilikwisha kabla hatujafika kituo cha kwanza.

5. Mahali pa kuanzia bila kumaliza mfuko

Usianze na Grand Canyon. Anza karibu. Phoenix iko na South Mountain, hifadhi ya muji yenye njia nyingi, kiingilio bure. Papago Park kuna jiwe lenye tundu, Hole-in-the-Rock, dakika kumi za kupanda, unaona muji mzima. Watoto wanaweza, mama mwenye kitenge anaweza.

Tucson, saa mbili kwa gari, kuna Saguaro National Park, pande mbili za muji, mashariki na magharibi. Saguaro ni ile kaktusi kubwa yenye mikono munayoiona ku filamu. Muangalie vizuri: miaka 8 ya kwanza inakua sentimita 3 au 4 tu. Mkono wa kwanza unaweza kutoka baada ya miaka 50 mpaka 70, pakavu zaidi hata 100. Ile yenye mikono mitano ilikuwepo kabla babu yako hajazaliwa. Kuiumiza ni kosa la sheria. Kwa Watohono O'odham, wenye nchi hiyo tangu zamani, saguaro wanaihesabu kama mtu, na mavuno ya matunda yake mwezi wa 6 yanafungua mwaka wao mpya. Upande wa magharibi, ku kilima cha Signal Hill, utaona michoro iliyochongwa juu ya mawe miaka mia nyingi iliyopita. Usiguse, mafuta ya mikono yanaiharibu. Na chanuo libebe: kuna kaktusi fupi, cholla, vipande vyake vinanata ku suruali na ngozi, na chanuo ndilo linalovitoa bila kuchoma vidole.

Ukipata wenzako wa kuchangia mafuta, fika White Sands, New Mexico, saa tano na zaidi kutoka Tucson. Ni vilima vya mchanga mweupe pee, kilomita mraba 700 hivi, lakini sio mchanga wa kawaida, ni jasi. Wakati wa baridi watoto wanateleza juu yake na sahani za plastiki kama theluji. Huko watafiti walitangaza mwaka 2021 kwamba nyayo za watu zilizokutwa ndani ya udongo zina umri wa miaka 21.000 mpaka 23.000. Nyayo za watoto pia zimo. Angalizo: pembeni ni uwanja wa jeshi wa kujaribu makombora, na barabara inaweza kufungwa masaa kadhaa. Ulizia kabla.

6. Nchi hii ina wenyewe

Kaskazini ya Arizona utaingia ardhi ya Wanavajo. Wao wanajiita Diné. Ni kubwa kuliko Kivu ya Kusini, zaidi ya kilomita mraba 70.000, na ina serikali yake, polisi yake, sheria zake. Pombe ni marufuku. Karte ya hifadhi za taifa haifanyi kazi ku hifadhi zao kama Monument Valley. Antelope Canyon huingii bila kiongozi Mnavajo. Hiyo sio kutafuta pesa tu. Tarehe 12 mwezi wa 8, 1997, watalii 11 walikufa ndani ya bonde lile jembamba: mvua ilinyesha mbali, juu yao mbingu ilikuwa safi, maji yakaja kama ukuta. Mawe ya jangwa hayanywi maji. Sisi tulioona Kalehe mwezi wa 5, 2023 hatuhitaji kuelezwa maji ya mlimani yanavyokuja. Kwa hiyo hata wakati wa baridi, mvua ikitangazwa, usiingie bonde jembamba wala usipige kambi ndani ya mto mkavu. Na ku vijiji vya Wahopi, jirani ya Wanavajo, hakuna kupiga picha. Weka telefoni mfukoni, salimia, nunua mkate kama unauzwa.

Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwafukuza Wanavajo kutoka nchi yao. Maelfu walitembezwa kwa miguu zaidi ya kilomita 480, wazee, wajawazito, watoto, mpaka mahali panapoitwa Bosque Redondo. Wengi walikufa njiani na kule kambini. Miaka minne baadaye, 1868, walitia sahihi mkataba na wakarudi kwao. Wengi wetu tunaotembea hapa tulifika kwa njia ya kambi. Nikisimama Monument Valley, sioni mandhari ya filamu za wachunga ng'ombe. Ninaona watu waliofukuzwa na wakarudi. Inafaa mutu wa Masisi au wa Fizi alijue.

Tena kuna jambo lingine linalotuunganisha na jangwa hili. Tarehe 16 mwezi wa 7, 1945, bomu la kwanza la nyuklia duniani lilipasuliwa New Mexico, kaskazini ya ile mchanga myeupe. Sehemu kubwa ya uranium ya mradi ule wa Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na mikono ya baba zetu. Kisha kuanzia 1944 mpaka 1986 walichimba uranium ku ardhi ya Wanavajo pia, tani karibu milioni 30 za mawe, na wachimbaji wengi waliugua mapafu. Zaidi ya mashimo 500 yameachwa. Kwa hiyo ukiona kibao cha onyo juu ya shimo la zamani, usiingie kupiga picha. Na ukifika Los Alamos, makumbusho ya Bradbury ni bure: ingia, tafuta wapi jina Congo limeandikwa na limeandikwa kwa maneno mangapi. Hiyo pia ni utalii wa musomi.

7. Karatasi na pesa

Hii sehemu musiruke. Sheria ya Marekani inataka mgeni wa miaka 18 na zaidi abebe karatasi yake ya uhamiaji kila wakati. Jangwa la kusini liko karibu na mpaka wa Meksiko, na kuna vizuizi vya polisi wa mpaka ndani ya nchi, kwa mfano ku barabara ya 70 magharibi ya White Sands, na barabara ya 85 ukitoka Organ Pipe. Wanauliza uraia. Ukiwa na kadi yako ya kijani au karatasi zako za mwanafunzi, kwa kawaida ni mazungumzo mafupi. Ukiwa umeziacha nyumbani, siku ya likizo inaweza kugeuka kitu kingine. Hasa kipindi hiki, asiye na karatasi kamili aongee kwanza na avoka kabla ya kuingia barabara hizo.

Kiingilio: Grand Canyon dola 35 kwa gari zima, siku 7. Mukiwa watano, ni dola 7 kila mutu. Saguaro na White Sands dola 25. Karte ya mwaka ni dola 80 kwa wakaaji wa Marekani. Lakini tangu tarehe 1 mwezi wa 1, 2026, asiyekaa Marekani analipa 250 kwa karte hiyo, na bila karte anaongezewa dola 100 kwa kichwa ku hifadhi 11, Grand Canyon ikiwemo. Kwa hiyo mukaaji abebe permi au kitambulisho kingine chenye picha cha serikali ya huku, na ukimkaribisha ndugu kutoka Kongo, muanzie Saguaro na White Sands: hazimo ndani ya zile 11.

Mwisho, kabla ya kuondoka, andikia mutu mmoja anayebaki mjini: tunaenda njia gani, gari la rangi gani, saa ngapi tutapiga simu, na saa ngapi aite 911 asipotusikia. Mtandao haupatikani sehemu nyingi. Shusha karte ya njia ndani ya telefoni mapema, na usitembee peke yako.

Vijana wetu wengi wanasema kutembea milimani ni mambo ya wazungu wenye viatu vya dola 200. Mimi sikubali. Wazazi wetu walitembea kutoka Uvira mpaka Baraka na mizigo juu ya kichwa, kutembea tunajua. Kitu kipya ni kutembea bila kukimbia mutu, ukiwa na chakula mfukoni na saa ya kurudi unayoichagua mwenyewe. Likizo hii, chagua saa hiyo vizuri, na uiheshimu.